Tabaka la Sita

Wamepima shamba la Chihako kwa kamba na misumari,
mita mbili kwa mbili, katikati ya mikorosho,
nyuma ya Mikindani, palipo na mchwa na salfa.
Mizizi waliyoikata ameihesabu mwenyewe: kumi na mmoja.
Mimi ni wa chekecheke. Elfu kumi na mbili kwa siku,
chai ya rangi saa nne,
na muhogo, kama Bi Somoe ameamka vizuri.

Tabaka la kwanza ni sisi wenyewe:
kizibo cha soda, betri iliyovuja,
kandambili ya mtoto, mguu wa kushoto.
Dokta Nandonde akaviandika vyote daftarini
bila kucheka, kama karani wa mirathi.
La pili, sahani ya maua ya buluu, vipande.
La tatu, shanga moja, ndogo kuliko kunde.
La nne, mavi ya chuma. Watoto wakaanguka kwa kicheko:
“Kumbe chuma nacho huenda chooni!”
La tano, mchanga. Siku mbili, mchanga mtupu.
Chihako akasimama ukingoni, mikono nyuma:
“Ingekuwa dhahabu, babu yangu angeshaiuza.”

Kisha udongo ukageuka, mweusi wa chungu.
“Jaa,” akasema Dokta, na sauti ikamshuka.
Wana jaa, basi walikaa.
Mpita njia hana jaa;
mtu hulundika taka pale anapojua
kesho ataamkia papo hapo.

Vigae vikatoka kwa ndoo. Shingoni pembetatu,
zimekwaruzwa kwa kijiti udongo ukiwa mbichi,
na moja imekosewa, mstari umeteleza,
hakuufuta.
Labda alikuwa ameitwa.

Tukaukoroga udongo ule kwenye pipa la maji.
Mchanga ukazama. Juu vikaelea visivyo na uzito:
makaa, vijiti,
na punje za mtama, nyeusi, saba.
Nilizikinga mimi, kwa kipande cha chandarua.
Nikauliza, mbona saba tu? Walaji si walikuwa wengi?
“Zilizoliwa zimekwisha,” alisema Dokta.
“Zilizooza zimekwisha. Hubaki zilizoungua.”

Nikakaa chini.
Kwani mimi nimeunguza mara ngapi?
Mwaka nilioolewa, ugali wa mtama,
mama mkwe akakwangua ukoko mbele ya wageni,
kijiko kikilia kwenye sufuria, mpaka leo nakisikia.
Basi na huyu wa tabaka la sita alisemwa,
kwa lugha nisiyoijua, na nikaielewa yote.
Na wale hodari, waliopika wakasifiwa,
hatuna hata punje yao.

Saa ya malipo Dokta akachora chini:
hapa nguzo za nyumba, hapa mafiga,
na hapa mashimo manane kwa duara,
huenda ghala, huenda si ghala, hana hakika.
Watu kama hawa, alisema, walilima, wakaongezeka,
wakashuka pwani kizazi kwa kizazi,
hadi mtu akapandisha jiwe juu ya jiwe kule Kilwa.

Chihako aliyatazama yale mashimo manane.
“Ghala,” alisema. Yeye hakuwa na shaka.
“Na nani alikuwa akihesabu?”
Hakuna aliyejibu. Korosho zake ziko ghalani tangu Oktoba,
stakabadhi imekunjwa mara nne mfukoni,
na kila wiki huambiwa, wiki ijayo.
“Mji haukuanza na jiwe,” alisema.
“Ulianza siku mmoja alipomwambia mwenzake:
leta kwangu, nitakutunzia.”
Akatema mate, pembeni, si ndani ya shimo.

Nikabonyeza dole gumba kwenye karatasi ya malipo.
Punje saba zikaenda na Dokta, ndani ya kichupa,
zimefungwa pamba kama jino la mtoto.
Nyumbani nikainjika sufuria, nikasonga,
ukoko ukashika chini, mweusi, nikautupa jaani.
Wanangu waliniuliza kama nilikusudia.
Hata. Nilikuwa nimeitwa.